Tarehe mbili za komiti: kinachobadilika unapofanya ribesi

Ukiandika `git log --since="2025-03-10 00:00"` kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, unatarajia kuona komiti (hatua za kazi zilizohifadhiwa) za kuanzia Jumatatu, tarehe 10 Machi 2025. Kumbe ya kwanza kabisa kwenye orodha inakuja na mstari huu:

```
Date:   Tue Mar 4 09:12:30 2025 +0300
```

Jumanne ya tarehe 4, siku sita kabla ya mpaka uliouweka mwenyewe. Wengi wakifika hapa huamua kwamba Git ina hitilafu, au kwamba saa ya kompyuta ya mwenzao imekosewa. Hakuna kilichoharibika. Kila komiti hubeba tarehe mbili. Amri hii imechuja kwa kutumia moja, kisha ikakuonyesha nyingine. Kwa komiti ya kawaida mbili hizo hulingana hadi sekunde, kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi na Git miaka mingi bila kujua kuwa ziko mbili. Ribesi (`git rebase`), yaani kuzihamisha komiti za tawi, mstari wa kazi uliotengwa, juu ya msingi mwingine, ndiyo huzitenganisha.

Njia nzuri ya kuelewa ni kuifungua komiti yenyewe uone ilivyohifadhiwa. Andika `git cat-file -p HEAD` (`HEAD` ni komiti uliyopo sasa) na utapata kitu cha namna hii (heshi, yaani zile herufi na namba za utambulisho, nimezifupisha):

```
tree 9c41e7…
parent 27d0ab…
author Asha <asha@mfano.example> 1741068750 +0300
committer Juma <juma@mfano.example> 1741959605 +0300

Rekebisha hesabu ya riba kwenye mikopo ya vikundi
```

Hiyo ndiyo komiti nzima: maandishi matupu, mistari michache. Namba ndefu ni sekunde zilizopita tangu saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, na `+0300` ni tofauti ya saa za mahali alipokuwa mtu huyo. Namba ya Asha ni Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa 3:12 asubuhi. Ya Juma ni Ijumaa tarehe 14 Machi, saa 10:40 jioni. Asha aliandika marekebisho kwenye tawi lake, na siku kumi baadaye Juma akalifanyia ribesi tawi hilo juu ya tawi kuu. Git huwaita author na committer. Humu nitawaita mwandishi na mwekaji.

Kwa nini wawe wawili? Jibu liko kwenye kazi ambayo Git iliundiwa. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli (kiini) ya Linux, ambako waandishi wengi hawana ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye repo, hifadhi ya mradi. Mtu hutuma kiraka chake (faili la mabadiliko) kwa barua pepe, wenzake wanakijadili, kinarekebishwa, na siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye msimamizi wa sehemu ile ya kerneli anakiingiza kwa amri ya `git am`. Amri hiyo huchukua jina la mwandishi na tarehe yake kutoka kwenye vichwa vya barua pepe, na mstari wa mwekaji huujaza kwa jina la msimamizi na saa ile aliyokiingiza. Aliyefanya kazi ofisi ya serikali ataitambua hali hii mara moja: barua ina tarehe aliyoiandika mwenyewe aliyeituma, na masijala huigonga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe ya siku ilipofika. Karani hafuti tarehe ya juu ya barua, wala mwandishi hajigongei muhuri.

Ribesi hufuata mantiki ileile. Kila komiti inayohamishwa huandikwa upya ikiwa na mzazi mpya. Jina na tarehe ya mwandishi hunakiliwa zilivyo. Jina la mwekaji huwa la aliyeendesha amri, na tarehe ya mwekaji huwa ya dakika ileile. `git cherry-pick` hufanya hivyohivyo, na `git commit --amend` pia.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwachanganya watu. Ribesi haigusi komiti isiyo na sababu ya kuguswa. Tuseme una komiti tano, umefungua `git rebase -i` (ribesi unayoihariri hatua kwa hatua) juu ya msingi uleule, ukabadilisha ujumbe wa ile ya tatu tu. Mbili za mwanzo zitabaki kama zilivyokuwa, tarehe na heshi zake zote. Ya tatu hadi ya tano zitapata tarehe mpya ya mwekaji, kwa sababu ya nne inamtaja ya tatu kuwa mzazi wake, na ya tano inamtaja ya nne. Ndiyo maana baada ya kurekebisha herufi moja kwenye ujumbe unaona nusu ya tawi lina saa ya leo na nusu lina saa ya juzi.

Nani anasoma tarehe ipi

Usumbufu mwingi unaotokana na tarehe za Git unatoka hapa, kwa hiyo nakaa kidogo.

`git log` bila nyongeza huonyesha tarehe ya mwandishi peke yake. `git blame` nayo huonyesha ya mwandishi. Lakini `--since` na `--until` huchuja kwa tarehe ya mwekaji, na mpangilio wa kawaida wa orodha pia hufuata ya mwekaji. Kwa hiyo mtu anayetaka ripoti ya kazi ya wiki kwa kutumia `--since` anapata kazi *iliyoingizwa* wiki hii, huku mbele yake pameandikwa tarehe za kazi *ilipoandikwa*. Ripoti ni sahihi, ila haijibu swali alilodhani ameuliza.

Dawa ya kwanza ni kuziona zote mbili kila mara unapokuwa na shaka:

```
git log --format=fuller
```

Au, ukitaka mstari mmoja kwa kila komiti:

```
git log --format='%h  %aI  %cI  %s'
```

`%aI` ni ya mwandishi, `%cI` ni ya mwekaji, zote kwa muundo wa mwaka-mwezi-siku. Na kumbuka kuandika saa kwenye `--since`. Ukiweka tarehe bila saa, Git hujaza saa ya wakati huo unapoandika amri, hivyo amri ileile ikiendeshwa asubuhi na jioni inaweza kutoa orodha mbili tofauti.

Kwenye GitHub mgawanyo huu upo pia. Ukurasa wa wasifu wako, ule wenye viboksi vya kijani, huhesabu kwa tarehe ya mwandishi. Ndani ya repo kinachotumika ni tarehe ya mwekaji. Kazi uliyoiandika Januari na kuifanyia ribesi Machi itaonekana Januari kwenye wasifu na Machi kwenye repo. Kitufe cha kuunganisha kwa ribesi pale GitHub kina tabia yake: siku zote huandika taarifa mpya za mwekaji na kutoa heshi mpya, hata pale ambapo `git rebase` ya kwenye kompyuta yako isingebadilisha kitu.

Mifumo ya kujenga programu nayo husoma tarehe. Miradi inayotaka programu itoke ileile baiti kwa baiti kila ijengwapo hutumia kigezo cha `SOURCE_DATE_EPOCH`, na njia iliyozoeleka ya kukijaza ni `git log -1 --pretty=%ct`, yaani sekunde za mwekaji. Fanya ribesi, na programu iliyojengwa inaweza kubadilika hata kama hakuna mstari wa msimbo uliobadilika.

Heshi nazo zinabadilika

Rudi kwenye maandishi yale ya komiti. Heshi ya komiti hukokotolewa kutoka kwenye maandishi hayo yote: mti, mzazi, mwandishi, mwekaji, zile namba za sekunde, hata `+0300`. Sekunde moja ikibadilika, heshi inabadilika, na heshi za komiti zote zilizo juu yake zinabadilika pia. Hakuna namna ya kurekebisha tarehe kimyakimya kwenye tawi ambalo wenzako wameshalivuta kwenye kompyuta zao. Wao watabaki na komiti za zamani, wewe utakuwa na mpya, na mtu akiunganisha bila kutazama, historia itakuwa na kila kitu mara mbili.

Ni kwa sababu hiyohiyo watu wawili wakifanya ribesi ya tawi lilelile juu ya msingi uleule hawapati heshi zinazofanana. Hata mtu mmoja akianza tena na tawi la awali na kuirudia ribesi yake juu ya msingi uleule baada ya dakika tano atapata heshi nyingine, kwani saa ya mwekaji imesogea. Saini za kidijitali za GPG nazo huanguka hapa: saini ya Asha ilitiwa juu ya maandishi ambayo sasa hayapo, hivyo komiti mpya huja bila saini, au huja na saini ya Juma ikiwa ameweka `-S`.

Machaguo mawili ya ribesi

Kuna machaguo mawili ya kubadilisha tabia hii, na majina yake yanaelekea pande mbili tofauti kabisa.

```
git rebase --committer-date-is-author-date main
git rebase --reset-author-date main
```

La kwanza huifanya tarehe ya mwekaji iwe sawa na ya mwandishi. Jina la mwekaji linabaki la aliyeendesha amri. Kinachonakiliwa ni tarehe tu. La pili, ambalo pia huitwa `--ignore-date`, hufanya kinyume: hufuta tarehe ya mwandishi na kuweka ya sasa. Yote mawili hulazimisha komiti zote za tawi ziandikwe upya hata kama hazikuwa na haja ya kuhama. Na yote mawili yalikubali kufanya kazi pamoja na `-i` kuanzia toleo la 2.29 la Oktoba 2020. Kwenye matoleo ya nyuma ya hapo Git hukataa.

Chaguo la kwanza hupendwa sana na watu wanaotaka historia "isafishike", na hapa ndipo nina neno la kusema kwa msisitizo: usilifanye mazoea. Git inapotembea kwenye historia kurudi nyuma, hutegemea kwamba mtoto hawi mzee kuliko mzazi wake kwa tarehe ya mwekaji. Dhana hiyo huiokolea kazi nyingi kwenye repo zenye komiti maelfu kwa maelfu. Sasa chukua mfano wetu. Komiti ya mwisho kwenye tawi kuu iliwekwa tarehe 13 Machi. Juma anaweka komiti ya Asha juu yake kwa kutumia chaguo lile, na komiti hiyo inapata tarehe ya mwekaji ya 4 Machi. Mtoto wa tarehe 4, mzazi wa tarehe 13.

Mtu akiendesha `git log --since="2025-03-10 00:00"`, Git inaanzia juu, inakutana na tarehe 4, inaona ni ya kale kuliko mpaka, na inahesabu kuwa kila kilicho chini yake ni cha kale zaidi. Komiti ya tarehe 13 haionekani. Wala ya tarehe 12 au 11. Ripoti ya wiki inatoka tupu ilhali timu ilifanya kazi wiki nzima, na hakuna ujumbe wowote wa onyo. Toleo la 2.37 la mwaka 2022 lilileta `--since-as-filter`, ambalo hutazama komiti zote badala ya kusimama kwenye ile ya kwanza iliyo nje ya mpaka, lakini lazima mtu ajue kuliita. Faili la `commit-graph`, linaloharakisha utembeaji kwenye historia, nalo, tangu toleo la 2.31, huweza kuhifadhi tarehe zilizorekebishwa ili hesabu za ndani za Git zisipotoshwe na saa zilizogeuka; halibadilishi kile ambacho `--since` inasoma.

Kwa hiyo linafaa lini? Naona mahali pawili. Pa kwanza ni pale msingi ulio chini ni wa kale kuliko komiti zote unazohamisha: unapanga upya tawi lako mwenyewe, hujalipusha (kulituma kwenye seva), na mzazi wa chini kabisa aliwekwa kabla ya komiti yako ya kwanza. Tarehe zitaendelea kupanda na hakuna atakayeumia. Pa pili ni pale unapohitaji heshi zirudi zilezile. Tuseme una skripti inayojenga upya rundo la viraka kila usiku juu ya toleo fulani la programu ya watu wengine. Bila chaguo hili kila usiku utapata heshi mpya, na mifumo yote iliyo mbele itadhani kuna kazi mpya. Ukilitumia, kwa jina lilelile la mwekaji, viraka vilevile na msingi uleule, heshi hutoka zilezile hata ukiendesha kwenye kompyuta nyingine. Skripti inajua kwamba hakuna kilichobadilika na inaacha.

`--reset-author-date` mimi huliona lina matumizi finyu zaidi. Tawi la majaribio ulilolitelekeza miezi minane, ukalirudia na kuliandika karibu lote upya: hapo tarehe ya zamani haisemi kweli tena, na kuiweka ya leo ni haki. Kwa komiti za mtu mwingine, sijawahi kuona sababu nzuri. Tarehe ile ni ya Asha. Ikiwa miaka miwili baadaye mtu anatafuta kwa nini hesabu ya riba ilibadilishwa, `git blame` itampeleka tarehe 4 Machi, na atakwenda kutafuta mazungumzo ya wiki ile. Ukiigeuza kuwa 14, umemtuma wiki isiyo na kitu.

Kwa komiti moja tu huhitaji machaguo haya. Fungua `git rebase -i`, weka `edit` mbele ya komiti unayoitaka, na itakaposimama:

```
GIT_COMMITTER_DATE="2025-03-14T16:40:05+0300" \
git commit --amend --no-edit --date="2025-03-04T09:12:30+0300"
git rebase --continue
```

`--date` hugusa ya mwandishi peke yake. Ya mwekaji haina chaguo lake kwenye `git commit`, ndiyo maana hupitia kwenye kigezo cha mazingira. Usifanye `export` ya kigezo hicho kwenye terminali, kwa sababu kitabaki humo na kila komiti utakayofanya siku hiyo itapata saa ileile. Na ukiunganisha komiti kadhaa kuwa moja kwa `squash` au `fixup`, tarehe ya mwandishi inayobaki ni ya ile ya kwanza, ambayo nyingine zimemezwa nayo. Kazi ya siku tatu itaonekana ilifanyika siku ya kwanza. Kama ni muhimu, irekebishe kwa `--date`.

Kuhusu saa za maeneo, wasiwasi mwingi hauna msingi. Mwenzako wa Kigali au Lubumbashi huandika komiti zenye `+0200`, wewe wa Mombasa unazifanyia ribesi na mstari wa mwekaji unapata `+0300`. Git hulinganisha sekunde, na sekunde hazina eneo, hivyo mpangilio hauathiriki. Kinachosumbua ni macho ya msomaji; `git log --date=iso-local` huzionyesha zote kwa saa za kompyuta yako.

Jambo moja zito zaidi. Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika tarehe yoyote kwa amri moja, tarehe za komiti hazifai kuwa ushahidi wa nani alifanya kazi lini. Wapo waajiri wanaopima vijana kwa viboksi vya kijani, na wapo walimu wanaosahihisha kazi za wanafunzi kwa kuangalia kama komiti ya mwisho ni ya kabla ya muda kwisha. Saini ya GPG haisaidii hapa, kwani inathibitisha kwamba mtu fulani *aliandika* tarehe ile, wala haithibitishi kwamba saa ilikuwa hiyo. Ukihitaji kujua kazi ilifika lini, tazama kumbukumbu za seva iliyopokea. Hizo aliyepusha hawezi kuzigusa kwa amri za Git.

Ukiwa umeshaharibu, bado kuna nafasi. `git reflog --date=iso` huonyesha tawi lako lilikuwa wapi kabla ya ribesi na, kwa kawaida, saa halisi ya kompyuta yako wakati huo, bila kujali tarehe zilizo ndani ya komiti. `git reset --hard` kwenda kwenye mstari wa kabla ya ribesi hurudisha kila kitu na tarehe zake, ila kwanza hakikisha huna mabadiliko ambayo hujayakomiti, kwa sababu yatafutwa. Rekodi za reflog hukaa siku 90 kwa kawaida, na siku 30 kwa komiti ambazo tawi halizifikii tena, na hizo za kabla ya ribesi ziko kwenye kundi hili la pili. Ukilazimika kupusha juu ya kilichokuwapo, tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikiwa kwenye seva kuna kazi ya mwenzako ambayo wewe hujaivuta.